Jumuiya waliruka zamu ya kusali kwangu kisa natafuta sarafu za zamani jalalani

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeamua kufungua mdomo. Sijaongeza chumvi hata punje. Atakayeona ni chai, apite aniachie uzi wangu.

Ni mwanamke, fundi cherehani, nakaa kijiji kimoja vilimani huku Mbinga. Jina la kijiji nalificha maana majirani zangu wengine wamo humu humu.

Nina mashine ya kutafutia chuma ardhini, ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Niliinunua kwa mchimbaji aliyechoka na maduara, yale mashimo ya dhahabu, akaamua kurudi kwao kulima. Wenzangu wananunua vitenge, mimi nikanunua mashine. Pesa ni yangu.

Natafuta sarafu za zamani. Siuzi. Napenda tu kushika kitu ambacho mtu alikidondosha kabla bibi yangu hajazaliwa. Ndiyo starehe yangu. Wanaume wana bao na pombe, sijawahi kusikia wameitiwa kikao.

Nilianzia ziwani, Lituhi, kwenye mchanga. Niliambulia ndoano na vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, wavuvi wakanicheka mpaka wakakaa chini. Nikarudi kwetu.

Kijijini kuna msitu wa mikaratusi ambapo zamani palikuwa gulio. Siku hizi ni jalala. Nepi, chupa, makopo ya samaki, betri, mabati yaliyooza. Watu wanakwenda kule kutupa, mimi naenda kuokota.

Mashine ukiiwasha pale inalia mfululizo. Unapiga magoti kwenye uchafu, unachimba, kizibo cha soda. Unasogea kidogo, kizibo tena. Nilijaza kiroba kizima cha vizibo ndipo nikapata ya kwanza: senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati, imeota kutu ya kijani.

Wakuu, nilipiga kigelegele peke yangu jalalani! Na kuna mtu akakisikia.

Kwa wasiojua, huku ukisema sarafu ya zamani watu wanasikia rupia ya Mjerumani. Na ukisema rupia wanasikia majini, utajiri wa ghafla na kafara. Matapeli wameliza watu wengi kwa hadithi hizo. Basi ikawa mimi natafuta rupia za kichawi. Wengine wakaongeza kwamba nafukua makaburi, wakati msitu ule hauna hata kaburi moja.

Maneno ningeyavumilia. Kilichoniuma ni jumuiya.

Sisi Wakatoliki kila wiki tunasali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Hao ndio watakaokuuguza, hao ndio watakaokuzika. Zamu yangu ilipofika nikafagia, nikaazima mabenchi, nikachemsha magimbi. Wakapita mlangoni kwangu wanaimba, wakaingia kwa jirani.

Nililia, sifichi. Halafu hasira zikanipanda.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, nimwite Mzee K.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta. Watu wanaogopa. Ichome ile mashine, uje utubu mbele ya jumuiya, tutarudi kusali kwako."

"Nitubu kuokota vizibo, baba?"

Nikamwambia siichomi, nikaaga kwa adabu zote.

Siku ile ile nikarudi msituni, mchana kweupe, nimejifunga kanga nyekundu ili anayetaka kuniona asipate shida. Na kwenye sala za wenzangu sikuacha kwenda. Nilikuwa nakaa benchi la mbele kabisa.

Sasa sikieni vituko.

Jioni moja Mzee K. akaja kwangu, akapitia mlango wa jikoni. Akaninong'oneza kwamba marehemu baba yake alifukia rupia kwenye shamba la kahawa, akafa bila kumwonyesha mtu.

"Uje na mashine yako, mwanangu. Alfajiri, watu hawajaamka. Tutagawana."

Nikamwangalia. Mtu huyu huyu aliyetaka niichome!

"Nitakuja, baba. Ila mchana, siku ya sala, jumuiya wote wakiwepo. Na wewe mwenyewe utawaambia kwamba umeniita."

Akaondoka bila kuaga. Nikajua yameisha.

Kumbe tamaa ilikuwa inamtafuna. Wiki ambayo sala ilikuwa kwake, tulipomaliza akasimama, akakohoa, akasema ameniomba nimtafutie jembe la marehemu baba yake, alilokuwa akilimia ngolo, yale mashimo yetu ya kilimani. Anataka aliweke kama ukumbusho. Watu wakatazamana, lakini mwenyekiti kashasema.

Tukaingia kwenye mibuni, jumuiya nzima nyuma yangu. Mashine ikalia. Mzee akaninyang'anya kijembe akaanza kuchimba mwenyewe, jasho linamtoka.

Likatoka jembe kweli! Limeliwa na kutu, limebaki nusu. Akina mama wakaanza kushangilia.

Mzee K. akalitupa pembeni. "Sasa rupia ziko wapi?"

Akina mama wakaacha kushangilia.

Mama mmoja akamuuliza polepole, "Rupia zipi tena, mwenyekiti?"

Mtu akaanza kucheka, wakafuata wengine, mwishowe hata mke wake akajifunika uso kwa kanga akicheka. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Wiki iliyofuata walikuja kusali kwangu, na yeye alikuwemo. Mashine sikuificha. Niliiegemeza ukutani hapo hapo sebuleni, aliyetaka kuiogopa aiogope huku anakula magimbi.

Nilichojifunza: usichome kitu chako kisichomdhuru mtu ili majirani wapate usingizi. Ukikichoma leo, kesho watakutafutia kingine.

Bado nakwenda jalalani, na nitaendelea. Waliowahi kuitwa wachawi kwa sababu ya kitu wanachokipenda, shusheni visa vyenu tusome. Wenye matusi pia karibuni, nimeshayazoea.

Ila nyie mtakaonifuata inboksi nikawatafutie rupia za babu zenu, sijibu. Ombeni hapa hapa, mbele ya wakuu wote.