Siku Ntakije Alipoiacha Tamthilia

Nakumbuka Jumapili moja ya msimu wa kuvuna maharage, mwanangu, hapa hapa Kasulu, nilipotoka katika mgahawa wa watu na birika la chai mkononi kwa sababu ya picha kwenye televisheni. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mama yako, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa binti tu, tukigombana kila siku juu ya kanga na zamu ya kuchota maji. Kipande kidogo cha habari hii anakijua. Kilichobaki hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuona wa kumpa. Leo nakupa wewe.

Nilikuwa mlevi. Nalitaja neno lenyewe, maana wewe umerudi juzi kutoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, kule Mwanza, na nimesikia ndugu zetu wanavyozunguka wakiulizwa ulikuwa wapi. Mara ulikuwa masomoni, mara ulikuwa unaumwa kichwa. Unga wako mimi siujui. Cha kwangu kilikuwa gongo, na kilinianza nikiwa na watoto wawili wadogo, Bukuru na Butoyi, mapacha wangu. Nilipoacha hakukuwa na soba wala mtu wa kukukalisha akakuuliza unajisikiaje. Niliachia kwenye mkeka kwa bibi yako, natetemeka, naye ananinywesha uji kijiko kwa kijiko akiomba kwa Kiha, sauti ya chini, usiku na mchana.

Nilipoweza kusimama, aliyenipa kazi ni Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu aliyekuja kuolewa Kasulu akitokea Ujiji, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, na mgahawa wake ulikuwa karibu na stendi. Chai, chapati, maharage, sambusa siku za mnada. Pombe hapo haikuingia hata kwa harufu. Hakuniapisha wala hakunipa masharti. Alinipa aproni, akanionyesha vyombo vilipo, akaniambia sambusa zikibaki nipelekee watoto.

Pale barazani kwake ndipo alipofanyia kazi Ntakije, fundi baiskeli. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia huku, akawa wa huku. Naye alikuwa amekunywa miaka mingi, mkewe akarudi kwao, akaacha, mke akarudi. Tulijuana hali zetu bila kuzisema. Asubuhi nikimpelekea chai alikuwa ananitazama machoni, anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, na leo tumeamka salama. Basi. Salamu yetu ilikuwa hiyo.

Sasa Bi Zuhura alikuwa na televisheni, zile za zamani zenye mgongo mnene, na jenereta nyuma ya jiko. Kila Jumapili alasiri kulikuwa na tamthilia moja ya mwalimu mlevi. Watu walimpenda sana yule mwalimu. Suruali inamteremka darasani, anamsalimia mbuzi kwa heshima zote akidhani ni mkwewe. Mgahawa unajaa, watu wanacheka mpaka chai inawapalia. Mwanzoni hata mimi nilicheka, maana jambo la kuchekesha linachekesha.

Lakini ilifika mahali nikaanza kuona macho. Mlevi akianguka, vichwa viwili vitatu vinageuka kunitazama mimi na sinia langu. Nikicheka wataona sina haya. Nikinyamaza wataona nimeumia. Nilijifunza kutabasamu nusu, tabasamu la mtu aliyeng'atwa na siafu ndani ya kanisa.

Hiyo ilikuwa aibu, na aibu nilikuwa nimeizoea. Jambo lililonitisha lilikuwa kiu. Wale watengenezaji walipenda kuileta glasi karibu, iujaze uso wote wa televisheni, halafu unasikia kinywaji kinavyomiminwa. Mwanangu, mate yalinijaa kinywani. Kichwa changu kilijua ile ni picha, mwili wangu haukujua. Usiku nilikuwa nalala nasikia ule mlio.

Tena kulikuwa na hasira, ingawa sikujua mara moja ni hasira ya nini. Walimwonyesha mwalimu akinywa, wakamwonyesha akianguka, akilia, akifukuzwa. Hata siku moja hawakumwonyesha amekaa Jumanne asubuhi anapukuchua mahindi, hataki kitu chochote duniani isipokuwa kunywa, na hanywi. Saa ile, ambayo ndiyo kazi yetu yote, naona haikuwa na mtazamaji.

Ntakije yeye aliipenda ile tamthilia kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa anaacha gurudumu limening'inia, anafuta mikono, anakaa mbele. Hacheki. Wakati mwingine machozi yanamlengalenga. Siku moja alinionyesha jinsi mwalimu alivyoshika kikombe kwa mikono miwili asubuhi kwa sababu ya kutetemeka, akasema yule mwigizaji ama amekunywa ama amelelewa na mnywaji, maana kitu kile hakifundishwi. Alisema akimwona pale anajisikia ana ndugu.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilimtazama Ntakije nikamfanya kipimo. Ikiwa yeye anaweza kukaa mbele kabisa na akatoka salama, mimi ninayekimbilia jikoni nimepona nini? Nikaanza kujilazimisha. Kila Jumapili nikawa napita katikati ya meza na birika, polepole, ili mimi mwenyewe nijione kwamba nimeshinda.

Ikafika Jumapili ya mwisho wa tamthilia. Watu waliazima mabenchi kwa jirani. Mwalimu alikuwa ameacha pombe, mkewe yuko njiani anarudi, na kila mtu anataka kujua kama atavumilia. Ntakije alikuwa ameisubiri siku ile kwa miezi. Alifunga kazi mapema, akaoga, akavaa shati jeupe. Bi Zuhura alimtania kwamba anakwenda kuposa.

Basi mwalimu yuko peke yake ndani, na chupa ipo mezani. Wakaileta chupa karibu. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mtu mwema tu, mteja wetu wa siku zote, akasema kwa sauti huku anatafuna, "Atakunywa tu huyo. Hawa hawaachagi."

Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi. Walicheka kwa kuwa walikuwa wamebana pumzi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, na lile neno likaniingia. Nikatoka.

Nilipita nyuma ya jiko, nikapita uwanja wa mnada, nikashika njia inayokata katikati ya migomba kwenda kwenye nyumba moja niliyoijua sana. Kichwani mwangu mlikuwa na hesabu fupi. Ikiwa hatuachagi, ninajitesea nini? Nilitembea haraka, nikiwa na furaha mbaya, furaha ya mtu anayetua mzigo asioruhusiwa kuutua.

Nyuma yangu nikasikia baiskeli yenye madigadi yaliyolegea. Nilimjua kabla sijageuka, maana fundi wa baiskeli za watu ya kwake haijawahi kuwa nzima. Akaniita, "Mama Butoyi." Niliongeza mwendo. Hakuniita tena. Alinifuata tu, anaikokota, mpaka kwenye mfereji ulioko kabla ya ile nyumba. Hapo nikasikia magurudumu yamesimama.

"Dada," akasema, "mimi mwisho wangu ni hapa. Nikivuka huu mfereji nasikia harufu, na nikiisikia naingia pamoja nawe."

Nikageuka. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni na kifuani. Alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili, kama vile baiskeli ndiyo iliyokuwa inamzuia. Nilikuwa nimemweka mahali pa juu kabisa, mwanangu, na kumbe alikuwa pale chini nilipo mimi.

"Kumbe na wewe bado?" nikamuuliza.

"Kila siku."

"Na ile tamthilia unaitazamaje?"

"Mimi inanisaidia. Wewe inakuumiza. Hatukunywa pombe moja, na hatukuacha namna moja. Nani alikwambia ule ni mtihani?"

Nilikaa chini pale pale kwenye majani nikalia. Hakunigusa, hakunihubiria. Alisema tu "ihangane," neno letu la kumpa pole mtu na kumwomba avumilie, kisha akakaa upande wa pili wa njia. Ndipo alipoona birika. Nilikuwa nimetoka nalo mkononi na nimelibeba njia nzima bila kujua. Akauliza kama chai bado ina moto. Tuliinywa kwa kifuniko, tunapokezana, na nilianza kucheka huku kamasi zinanitoka, maana tulikuwa watu wazima wawili tumekaa kwenye mfereji na chai ya wizi, hatua chache tu kutoka kwenye gongo.

Kutoka mjini ukaja mlio wa watu wanaopiga kelele. Mwisho wa tamthilia. Kwa mbali ile huwezi kujua wanashangilia au wanasikitika. Ntakije aligeuza kichwa kusikiliza, nikaona uso wake ulivyotaka kuwa kule. Nikamwambia aende, labda atawahi kipande. Akasema atasimuliwa. Basi alisimuliwa, na kila mtu alimsimulia mwisho wake, wengine wakisema mwalimu alikunywa, wengine aliimwaga pombe, na ile tamthilia haikurudiwa tena. Mpaka leo hajui. Yupo Kakonko kwa binti yake, mzee sasa, na nikimtania juu ya jambo hilo ananijibu kwamba Jumapili ile alitazama kitu kingine.

Nilirudi nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Bi Zuhura alinichukua hadi jikoni, akafunga mlango, akapokea birika tupu bila kuuliza. Nikamweleza yote, hata mlio wa glasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ikianza nyingine ya namna hii, nizime au nisizime?"

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu walikuwa wananificha vitu au wananilazimisha vitu, wote kwa mapenzi. Huyu aliniuliza. Nikafikiri, nikamwambia asizime, maana Ntakije anazihitaji, ila mimi saa hiyo anitume nje. Akasema vema, saa hiyo nitakuwa nakwenda kununua mkaa.

Yule mfanyabiashara wa mahindi alipokuja kesho yake, Bi Zuhura alimpelekea kikombe mwenyewe, akamwambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Chai hiyo kaipika mtu aliyeacha." Mtu yule aliinywa mpaka mwisho. Hakuja kuniomba radhi, wala mimi sikuisubiri.

Usidhani nilibaki mtu wa kununua mkaa maisha yote. Miaka ilipita. Siku moja, watoto wameshakuwa wakubwa, nilikuta kwenye televisheni mwanamke anatafuna ganda la chungwa kabla ya kwenda shuleni kwa mtoto wake, ili mwalimu asisikie harufu ya pombe. Nilidhani dunia nzima ni mimi peke yangu niliyefanya jambo lile. Nililia kilio kizuri sana siku ile, na nikamwelewa Ntakije. Wiki iliyofuata nilijaribu kutazama tena, nikashindwa, nikaenda zangu kumwagilia mchicha. Ndivyo ilivyo. Kuna siku inakuponya na kuna siku inakuchokonoa, na huwezi kujua kabla hujakaa.

Nakwambia haya kwa sababu nilikuona juzi pale sebuleni. Walipoweka ile tamthilia ya mateja, baba yako mkubwa akaongeza sauti ili upate fundisho. Ulitazama magoti yako mpaka ilipokwisha. Nimeshazungumza naye. Anakupenda yule, hajui tu. Anadhani teja anahitaji kuonyeshwa ubaya wa unga, kana kwamba kuna mtu anayeujua kukuzidi wewe.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii. Simama utoke. Huhitaji kuaga wala kutoa sababu, na ukitoka hujashindwa na chochote. Ukitaka kubaki, baki, ulie, ucheke, hakuna wa kukuambia umezidi. Usijipime kwa mwenzako aliyekaa mbele, hujui ameshikilia nini kwa mikono miwili. Lakini usitoke peke yako ukaenda peke yako. Mwambie mtu mmoja. Niambie mimi, hata ukinikuta nasali. Na siku Mungu akikujalia kuwa na nyumba yako, akaja kukaa kwako mtu anayejikwamua kama wewe, usimfiche na usimlazimishe. Muulize tu, nizime au nisizime, kisha ufanye alivyosema.

Njoo sasa nikushike kichwa. Imana, kama bibi yako alivyomwita Mungu wake, akulinde asubuhi zile ambazo hakuna anayekutazama. Akupe usingizi. Akupe kazi ya mikono yako na watu wa kula nao. Mwili wako usahau polepole, na moyo wako usikumbuke kwa kujichukia. Uzeeke, mwanangu. Uzeeke kabisa, uote mvi kama mimi.