Pangaboi Lililosimama Msimbati

Nilifunga safari ya Mtwara kwa sababu mbili, na ya kwanza ndiyo niliyomwambia mke wangu. Marubani wa ndege ndogo walikuwa wanapeleka ndege nne kusini kwa maonyesho, nao walihitaji mpiga picha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wenzangu wanapiga harusi na mahafali, mimi napiga ndege, na nina shingo inayouma kuthibitisha hilo. Sababu ya pili niliifanya siri. Niliishi Mtwara utotoni, baba akiwa mfanyakazi wa bandari, na tangu tuhame sikuwahi kurudi. Mimi nikikaa mji mmoja miaka mitatu, naanza kuukumbuka ule wa nyuma.

Siku mbili kabla ya kuondoka, rubani mmojawapo alinipigia simu. Anaitwa Somoe, mzaliwa wa Msimbati, kijiji cha pwani karibu na mdomo wa Mto Ruvuma.

"Kaka, Jumamosi tunaruka mjini," alisema. "Jumapili asubuhi napita kwetu, kibali ninacho. Naomba uwe pale chini. Mama yangu hajawahi kuniona nikiruka."

"Hajawahi kuja uwanjani?"

"Amekuja. Nimepita hata juu ya nyumba yake, mara mbili. Ana mtoto wa jicho, mbali haoni. Anasikia mngurumo, halafu anauliza watu, 'Kashapita?' Lakini kitu cha karibu anakiona, akikileta hapa puani. Nipige nikiwa juu, umpe picha mkononi."

"Hana picha zako?"

"Anazo, nimesimama kando ya ndege. Anasema hata yeye akipelekwa anaweza kusimama kando ya ndege."

Nilicheka, nikakubali. Baada ya kukata simu nikaona kwamba nimekubali jambo zito.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi Dar es Salaam. Kibiti tulikunywa chai, Somanga watu wakanunua samaki wa kukaanga, na kuanzia Lindi mikorosho ikawa haituachi tena, huku na huku ya barabara. Tulifika Mtwara jua likiwa limelegea. Niliweka begi nyumba ya wageni nikaenda Magomeni kutafuta nyumba yetu ya zamani. Niliupata mtaa, sikuipata nyumba. Palipokuwa na ua wetu pana duka la vipuri vya pikipiki, na mwenye duka alinitazama nikitazama ukuta wake mpaka akaniuliza kama nataka cheni au breki. Nikanunua plagi ambayo sina pikipiki ya kuiweka.

Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho. Tulianza mapema, maana ikifika saa nne lami ya uwanja inatoa joto, hewa inachezacheza, na kila ndege iliyo mbali inatoka kwenye picha kama inaonekana ndani ya maji. Mji ulijaa kando ya uzio: wanafunzi wamepangwa na walimu wao, akina mama wamejifunika kanga kichwani kukinga jua, vijana wa bandarini wamepanda juu ya lori. Ndege nne zilipita kwa mstari, zikapinda, zikapanda. Somoe alikuwa wa mwisho, kwenye ndege nyeupe yenye mkia mwekundu, na watu walipoambiwa kwenye kipaza sauti kwamba huyu ni wa hapa hapa, kelele zilizidi injini.

Nilipiga picha zaidi ya mia tano, nzuri nyingi. Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu. Kamera ukiiamuru ifungue na kufunga jicho lake haraka sana, inasimamisha kila kitu. Uso wa rubani unatoka safi, hata saa mkononi utaisoma. Lakini pangaboi la mbele, lile linaloivuta ndege, nalo linasimama, na ndege inaonekana kama imetundikwa hewani kwa uzi. Ukitaka pangaboi lionekane linazunguka, unapunguza kasi ya kamera na kuifuata ndege kwa mwili mzima, kiunoni kwenda juu, kama unacheza nayo ngoma. Ukitikisika kidogo tu, picha imeharibika. Ndege ikipita mara kumi unaweza kubahatisha. Kule Msimbati, Somoe angepita mara moja.

Jumapili asubuhi mjomba wake, Bakari, alinifuata kwa pikipiki. Ni mtu wa umri wangu, mwenye maneno.

"Wewe ndiye wa picha? Nilitegemea mtu mwenye tumbo," alisema. "Haya, panda. Hiyo mizinga yako ya picha ishike mwenyewe, isije ikanigonga kisogoni tukaanza kugombana njiani."

Tulipita mashamba ya muhogo na mikorosho, tukapita kando ya mitambo ya gesi yenye uzio mrefu, kisha mchanga ukaanza na Bakari akanyamaza kidogo, maana mchanga ule hautaki mtu anayeongea. Ghuba ya Mnazi ilitokea ghafla kati ya minazi, maji yametulia.

Mama yake Somoe, Bi Zuhura, alikuwa kibarazani anabangua korosho. Hakuziangalia. Vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda vilikuwa vinajua kazi yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe? Sogea." Nikasogea. "Sogea, sogea." Alinitazama uso kwa uso, pua zetu karibu zigusane. "Haya, nimekuona. Umechoka."

Alituletea ugali wa muhogo na pweza wa nazi, tukala haraka. Saa mbili na nusu tulikuwa ufukweni, kijiji kizima nyuma yetu. Bi Zuhura alikaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Yeye ndiye aliyemsikia kwanza.

"Anakuja," alisema, wala sisi wenye macho hatujaona kitu.

Nilikuwa nimeiweka kamera kwenye kasi ndogo, kama inavyotakiwa. Ndege ilipotokea juu ya minazi, chini kabisa, nikamtazama yule mama aliyeinamisha kichwa, nikaogopa. Nikaona nikitikisika amekosa mwanawe kwa mara nyingine. Nikazungusha kitufe, nikapandisha kasi mpaka nikawa na uhakika. Somoe akapita, akapunga mkono, akainamisha bawa, akaelekea mdomo wa Ruvuma. Kijiji kililipuka kwa vigelegele.

"Kashapita?" aliuliza Bi Zuhura.

"Kapita mama. Ninaye humu."

Kwenye begi nina mashine ndogo ya kuchapa picha inayotumia betri. Ilitoka picha safi kuliko zote nilizopiga mwaka ule: uso, meno, vidole vya mkono unaopunga. Bi Zuhura alipangusa mikono kwa mchanga, akaishika picha kwa ncha ya kanga, akaileta puani. Alianza kwenye mkia, akaenda taratibu mpaka dirishani. Hapo akatabasamu. Kisha akafika mbele, na tabasamu likaondoka.

"Hili pangaboi mbona limesimama?"

"Halikusimama mama, ni kamera tu ndiyo..."

"Limesimama! Nalihesabu, mabawa yake mawili haya hapa. Mashine imezima. Mwanangu alikuwa ananipungia mkono wa kuniaga!"

Vigelegele vilikatika. Nilieleza kuhusu kasi, kuhusu jicho la kamera, na kila nilichosema kilisikika kama uongo wa mtu anayeficha msiba. Ndege yenyewe ilikuwa imeshapotea upande wa mto, mngurumo hakuna. Bi Zuhura alisimama.

"Bakari, mpigie."

"Dada, yuko hewani, hapokei."

"Mpigie!"

Bakari alikimbia na simu mpaka kwenye kichuguu ambako mtandao hupatikana. Akarudi. "Inanikaribisha Msumbiji," alisema, na hakuna aliyecheka. Akaenda tena. Zaidi ya nusu saa tulikaa hivyo, mama ameishika ile picha kifuani, wanawake wamemzunguka, mimi pembeni nimekaa juu ya begi langu. Kosa nililijua jina lake na ukubwa wake.

Hatimaye Bakari alipiga kelele kutoka kichuguuni. Somoe alikuwa ametua Mtwara. Tulimpandisha mama mpaka pale, tukamwekea simu sikioni.

"Usinicheke," alisema kwa ukali. "Nimekuona kwa macho yangu. Ulizimikiwa." Akasikiliza. "Basi huyu mtu wako alichonipa ni nini?"

Nikapewa simu. Somoe alikuwa hacheki tena.

"Kaka, umepiga kwa kasi gani?"

Nikamtajia.

"Ah! Kaka. Ndege ya pangaboi?"

"Niliogopa kukukosa."

"Kesho tunarudi Dar. Nitaomba nianzie huko. Ila ni mara moja tu, mafuta hayaniruhusu zaidi."

Nililala Msimbati, nyumbani kwa Bakari. Bi Zuhura alinitumia chakula, lakini hakuja kusalimia.

Jumatatu asubuhi tulirudi ufukweni. Watu walikuwa wachache, watoto wako shule. Niliweka kasi ndogo, nikavua viatu, nikachimba miguu mchangani ili nisiyumbe.

"Leo usitubabaishe," alisema Bakari. "Ukikosa, mjini utarudi kwa miguu."

Ndege ilipotokea sikumtazama mtu. Niliifuata kwa kiuno, kwa mabega, nikabonyeza bila kuacha mpaka ilipokuwa doa. Kati ya picha kumi na nne, kumi na tatu zilikuwa ukungu mtupu. Moja ilibaki. Ndege imetulia katikati, nyuma yake minazi imekuwa mistari ya kijani, na mbele pangaboi limekuwa duara jepesi kama pumzi kwenye kioo. Ila uso wa Somoe ulikuwa umefifia. Angeweza kuwa mtu yeyote.

Nilimpa mama, nikaona afadhali niseme mwenyewe. "Mama, uso haukutoka vizuri. Nisamehe."

Safari hii alianzia mbele. Alikaa pale muda mrefu, picha imegusa nyusi zake, kisha akaifuata ile mistari ya minazi kwa kidole bila kuigusa.

"Linazunguka," alisema. "Anakwenda."

"Anakwenda mama. Lakini uso..."

"Uso wake naujua mimi, nimeuzaa. Nilikuwa sijaujua mwendo wake."

Ile picha ya kwanza alinirudishia. Alisema hawezi kulala nayo nyumba moja.

Jumanne nilirudi Dar es Salaam kwa basi, nikiwa nyuma kabisa, miguu imejaa mchanga. Kwa miaka yote hii nimejisifu kwamba naweza kusimamisha chochote kinachoruka. Bi Zuhura hakuhitaji mwanawe asimamishwe, alihitaji kumwona akienda zake salama, na hilo sikulifahamu mpaka nilipomtia hofu ya nusu saa nzima. Siku hizi nikiogopa kukosa, naacha kitufe kilipo.

Tulipofika Kibiti, Somoe alipiga.

"Kaka, mama kasemaje?"

"Kasema unakwenda."

"Rudia," alisema.

"Kasema, 'Linazunguka. Anakwenda.'"

Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akaniambia nimsubiri kidogo kwenye simu, nisikate, na nikasubiri.