Gari Jekundu la Bertelli na Shaka za Fundi Zubeiri

Zubeiri bin Khamis alizaliwa kisiwa cha Chovai, kwa mafundi wa mashua, na kwa haki ilimpasa ashike keekee ya kutobolea mbao kama babake. Yeye akapenda vyuma. Kabla ya vita aliajiriwa Kismayu na Wataliana kuosha vyuma kwa petroli, akaiba ujuzi kwa macho. Wataliana waliporudi mara ya pili, kwa ule udhamini wao wa kuitawala nchi miaka kumi, walimkuta ana karakana yake nyuma ya soko la samaki, na lugha yao anaijua kiasi cha kugombana nao.

Mji mzima ulimjua kwa mikono yake, na ulimjua zaidi kwa shaka zake. Akiambiwa mvua imenyesha Gobweni, humwuliza msemaji kama yeye mwenyewe alilowa. Mkewe Kaltuma alikuwa akisema, "Mume wangu akizikwa, Munkari na Nakiri watakuja na maswali yao, naye atawauliza kwanza wametumwa na nani."

Watu wakicheka, Zubeiri hucheka nao. Lakini hakuwa mtu wa shaka tangu ujana. Baada ya vita, Mbwana, mtoto wa ami yake, alipata mtu anayeuza injini ya mashua iliyokuwa mali ya jeshi, akamwita Zubeiri aitazame. Zubeiri alifika asubuhi, akaikuta tayari inanguruma. Akaisikiliza kama nusu saa, akafuta mikono, akasema, "Injini nzima hii, chukua." Mwezi wa pili, Mbwana akitoka Kudha, injini ilizima karibu na mwamba, na maji yakiwa yanavuta. Mashua ilipasuka. Mbwana aliokotwa maiti siku ya tatu. Injini ilipoopolewa, Zubeiri aliifungua mwenyewe, akaona ufa wa zamani uliozibwa na kupakwa rangi. Ndipo akafahamu kwa nini muuzaji aliiwasha mapema. Ikipata moto ilikuwa inakwenda vizuri. Ingewashwa baridi, ingemfichua.

Mwanapili, mjane wa Mbwana, hakumlaumu hata kwa jicho. Wakikutana alimsalimu, akauliza hali ya watoto, akapita. Miaka kumi na mmoja hakumwomba hata chumvi.

Kwa hiyo alipomwona amesimama mlangoni pa karakana, Zubeiri aligonga kichwa chini ya lori akitoka mbio.

"Shemeji, kheri?"

"Kheri. Nasrudin anataka kununua gari." Nasrudin alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akiuza samaki na kamba kwenye mashamba ya ndizi ya Wataliana huko mtoni. "Ni lile jekundu la Bertelli. Ameuza sehemu yake ya mashua. Nimemwambia hatatoa kitu mpaka wewe ulitazame."

"Mimi?" Zubeiri aliuliza.

"Wewe," akasema Mwanapili, akajifunika vizuri, akaenda zake.

Gari lenyewe kila mtu alilijua. Lilikuwa la viti viwili, la mashindano, limelala chini kama paka anayenyemelea, na Bertelli, msimamizi wa shamba moja la ndizi, alikuwa akipita nalo sokoni kuku wakiruka. Sasa Bertelli alisema anarejea kwao. Zubeiri alilichukua neno hilo akaligeuza pande zote. Udhamini ulikuwa umebakiza miaka miwili. Mbona huyu ana haraka? Tena gari la namna ile, mbona hakuwauzia Wataliana wenzake?

Walikwenda asubuhi baada ya chai. Bertelli aliwapokea vizuri, pengine vizuri mno. Omar, dereva wake, mtu wa Chula, alikuwa analifuta gari kwa kitambaa. Nasrudin akaenda moja kwa moja kwenye usukani. Zubeiri hakutazama rangi wala viti. Aliweka kiganja juu ya boneti.

Ilikuwa na moto.

"Limetoka wapi asubuhi hii?" akauliza.

"Halijatoka," Omar akajibu, kisha akamtazama bwana wake. "Nililiwasha kidogo tu, lisimame tayari."

Zubeiri aliondoa kiganja. Akamgeukia Bertelli, akamwambia kwa Kitaliana kwamba atarudi kesho baada ya sala ya alfajiri, na gari lisiguswe. Bertelli akacheka, akasema fundi huyu ni polisi. Nasrudin hakucheka. 

Kesho yake boneti ilikuwa baridi. Gari liliwaka kwa jaribio la nne, likatoa moshi wa buluu, likatulia. Si vibaya, akawaza Zubeiri. Lakini mbona linakimbilia kutulia? Akaingia chini. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyeusi. Nani hupaka rangi mahali pasipoonekana na mtu? Akachomeka bisibisi pembeni, ikaingia kama kwenye mkate wa boflo. Kutu ya chumvi. Kisha akaomba ruhusa ya kumwaga oili ya giaboksi. Bertelli akasita, akatazama saa yake, akakubali.

Oili haikumwagika. Ilishuka polepole, nzito kama uji wa mgonjwa, na ndani yake mlikuwa na nyuzinyuzi. Zubeiri akazisugua baina ya vidole, akanusa. Alikuwa amewahi kusikia hila hiyo kwa madereva wa malori, hajaiona kwa macho yake: maganda ya ndizi husagwa yakatiwa kwenye giaboksi iliyolika, na meno hunyamaza kwa muda.

"Ndizi," akasema.

"Ndizi gani?" akauliza Bertelli.

Zubeiri akamwonyesha kidole. Mtaliana yule aliinama akatazama, uso ukamwiva. "Gari hili nililinunua Mogadishu mwaka juzi," akasema. "Mimi nijuaje walichotia?"

"Bwana msimamia ndizi, na ndizi zimo kwenye gari la bwana."

"Nchi nzima hii ina ndizi!" Bertelli akafoka. Omar alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua kitambaa chake. Zubeiri aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Huenda bwana aliamuru. Huenda dereva aliharibu gia akaogopa kufukuzwa, akajifichia mwenyewe. Au ni kweli ilitoka Mogadishu. Hakuweza kujua, na hadi mwisho wa umri wake hakujua.

Wakatia oili safi, Zubeiri na Nasrudin wakatoka nalo barabara ya Gobweni. Gia ya pili ilikuwa inatafuna kama fisi na mfupa. Na juu ya hapo Zubeiri akasikia mlio mwingine, mzito, tak, tak, tak.  Injini nayo imekufa, akajisemea, na midomo ilikwisha funguka kumwambia Nasrudin. Lakini akasimamisha gari kwanza. Alisikiliza mbele, akasikiliza upande, akazunguka nyuma. Lilikuwa bamba la namba, limelegea skrubu moja, linagonga bati.

Alikaa kando ya barabara kwa muda, kwenye mchanga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alikuwa ameusikia msemo huo tangu utoto, ila hakuwahi kujiona mwenyewe akiuruka ung'ongo mchana kweupe. Makosa mangapi ameyaona kwenye magari ya watu kwa sababu yapo, na mangapi kwa sababu anaogopa?

Nasrudin akafikiri jingine. "Ami," akasema, sauti imekauka, "Omar ameniambia jana jioni. Anasema wewe mwenyewe unalitaka gari hili. Unalitia ila ili mimi nikimbie, ulichukue kwa bei ya maganda."

"Nawe umemwamini?"

"Sijui nimwamini nani. Kila unaloligusa unaona ubovu. Baba yangu ulimwambia nzima. Mimi utaniambia nini?"

Zubeiri akanyanyuka mchangani. Alilirejesha gari kwa mwenyewe, akamchukua Nasrudin mpaka nyumbani kwa Mwanapili, akaomba maji, akanywa, akaketi juu ya mkeka.

"Shemeji, sikiliza na wewe," akasema. "Nitasema ninachokijua, kisha nitasema nisichokijua. Injini ni nzuri. Inakula oili kidogo, lakini ni nzuri, nimeisikiliza baridi na moto. Sakafu imeoza upande wa kushoto. Hiyo naweza kuiziba. Gia zimekwisha. Gia mpya hazipo Kismayu, na Mogadishu sidhani. Zinatoka Italia kwa meli. Wataliana wakishaondoka, sijui tutamwandikia nani. Na gari hili liko chini mno. Mvua ikinyesha njia ya mtoni litakaa kama kaa matopeni. Aliyetia ndizi simjui. Sikwambii nunua, Nasrudin, wala sikwambii acha. Kwetu Chovai husemwa mchu hununua kichu na ila zake, yaani mtu hununua kitu pamoja na kasoro zake. Hizo ndizo ila."

 Jirani alikuwa anatwanga.

"Na wewe?" Nasrudin akauliza. "Unalitaka?"

"Mimi nilale chini yake au ndani yake? Miguu yangu haiingii."

Mwanapili akacheka. Lilikuwa jambo dogo, cheko fupi la puani, lakini Zubeiri hakuwa amelisikia tangu Mbwana yuko hai, akababaika akanywa maji yaliyokwisha kwisha kikombeni. "Afadhali hivi," akasema mama yule, hakumtazama. "Siku ile ungesema 'sijui,' Mbwana angeingoja ipoe." Akanyanyuka akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na samaki wa kukaanga, akaiweka mbele yake, si mbele ya mwanawe.

Nasrudin alifikiri siku tatu. Siku ya nne alikwenda kwa Bertelli peke yake, akamwambia atalichukua, ila kwa bei ya gari lisilo na gia, na barua ya kuagiza gia iandikwe mbele yake, kwa Kitaliana, na Zubeiri aisome kabla haijafungwa. Zubeiri aliisoma mara tatu. Akaipeleka posta kwa mikono yake, akangoja mpaka akaiona imepigwa muhuri.

Gia zilikuja baada ya miezi minne, na moja haikuwa ya gari lile, ikabidi Zubeiri aichonge upya. Gari likakaa juu ya magogo karakanani, watoto wa madrasa wakalifanya pango. Mwishowe lilitembea. Wakati wa kiangazi Nasrudin alipeleka kamba mashambani wangali hai, akarudi kabla ya adhuhuri akiimba. Wakati wa mvua lililala. Lilimharibikia njiani mara mbili, na mara zote mbili alijua ni nini kimeharibika.

Mwaka Wataliana walipofunga masanduku yao, Nasrudin alioa Shamsa, mtu wa Chula, akaona viti viwili havitamtosha mtu mwenye nia ya kupata watoto. Akaja tajiri mmoja wa Mogadishu kulitaka gari. Nasrudin alimkalisha karakanani, Zubeiri akiwa pembeni anafuta spana zake, akamweleza kila kitu: sakafu, oili, gia ile ya kuchongwa, matope ya mtoni. Alieleza asubuhi nzima.

Yule tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akalizunguka gari mara mbili, kisha akamvuta Zubeiri kando na kumnong'oneza: "Huyu kijana kwa nini hataki kuniuzia? Gari hili lina nini ambacho ananificha?"