Viazi Visivyokuwa na Uzi

Ukichimba kiazi mwenyewe, mara nyingi hutoka kikining'inia kwenye uzi mweupe unaokifunga na shina lake. Usinicheke, rafiki yangu, lakini nimerudi hapa Bihambwe, na wiki hii nilisimama katikati ya shamba na jembe mkononi, nikalia kwa sababu ya uzi huo.

Nimezaliwa kwenye mlima huu. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Koko, alilipanga shamba lake kwa kufuata baridi. Juu kabisa, ambako umande wa asubuhi uliuma vidole, aliweka viazi na njegere. Maharage yalikaa katikati, na mahindi chini karibu na mto. Mimi nilibeba kikapu cha mbegu nyuma yake, na jua likipanda tulikula viazi vilivyochomwa majivuni, pamoja na jibini ya jirani mfugaji.

“Kitu ya baridi usiishushe mu joto,” alikuwa akiniambia. “Itakupa majani tu.”

Kisha babu akafariki, na Papa akapata kazi kwenye kituo cha afya cha Itebero, kule chini Walikale, msituni. Hakutaka kumwacha mama yake peke yake mlimani. Tukashuka naye, na yeye akashuka na kikapu chake cha mbegu.

Mimi Itebero niliipenda mara moja: ndizi za kila namna, sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese, vyura wakipiga kelele baada ya mvua. Zaidi ya yote, nililala kitanda kimoja na Koko. Yeye alishinda mlangoni akijipepea kwa kitambaa chake cha kichwa, chakula hakimpiti kooni, na kila siku alimwomba Papa amrudishe kwao. Mwishowe Papa alimpa ahadi, mbele yetu sote.

“Mama, panda viazi vyako, tungojeye mavuno. Vikizala, utabakia na siye. Vikikatala, nitakurudisha ku Bihambwe mi mwenyewe.”

Akapanda nyuma ya nyumba. Majani yakanifika kiunoni, majirani wakaja kuyasifu, nami nikawa naiba muda wa kufukua kidogo kwa vidole nione. Chini palikuwa na udongo mtupu. Baadaye shuleni mwalimu alitueleza kwamba kiazi kinahitaji usiku wa baridi ili kijaze tumbo, na kwamba Itebero usiku hauna baridi hiyo. Koko hakuhitaji mwalimu.

Alfajiri ya siku ya mavuno nilimwona Papa ameinama kati ya mashina, akizika viazi alivyonunua kwa mfanyabiashara wa Butembo pale sokoni. Aliniona. Tulitazamana. Ningeweza kumwambia Koko tulipokuwa tukivaa, lakini sikutaka kulala peke yangu.

Koko alichimba polepole, mimi nikishika kikapu. Alikiokota kiazi cha kwanza, akakipangusa kwa kidole gumba, akakigeuza. Akamtazama Papa, aliyekuwa amesimama mlangoni macho chini.

“Njo vile, vimezala,” akasema. “Basi nitabakia.”

Alivipika siku hiyohiyo. Papa alisingizia homa, hakugusa sahani yake. Mimi nilikula hadi nikalamba vidole, Mungu anisamehe. Koko hakuomba tena kurudi, wala hakupanda tena viazi. Tulimzika palepale Itebero, kwenye joto.

Leo shamba lake la juu limekuwa malisho ya ng'ombe, na mbegu yake haipo tena mlima mzima. Nimepanda nyingine, chini kidogo, na nilipong'oa shina la kwanza viazi vikaning'inia. Ndipo nilipouona tena mkono wake ukitia viazi vile vya Itebero kikapuni, kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na uzi. Alikuwa amechimba viazi maisha yake yote. Na kikapu nilikishika mimi.