Fundo la Chini Kwanza

Juzi mwenzangu wa zamani kiwandani alinipigia simu kutoka Durban kunijulisha kwamba yule mama wa Chatsworth amefariki, na kwamba wamemzika siku ileile. Nilimuuliza alikuwa akiumwa nini. Akasema presha, miguu, na umri tu. Kisha akaniuliza kama bado nakumbuka kupiga mpira. Nikamwambia nakumbuka. Nilipokata simu nililia, wala sioni haya kulisema hapa, maana kuna jambo nilimkosea mama yule na sikuwahi kulirekebisha.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba miaka ya mwisho ya tisini nilikuwa kibarua Durban, nikipanga maboksi ya biskuti katika kiwanda kimoja cha eneo la Mobeni. Nisichowahi kuwaambia ni kwamba nilicheza softboli. Msicheke. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake, na mimi sikuingia kwa kupenda michezo, niliingia kwa upweke. Kazini watu walizungumza Kizulu na Kiingereza, na Wakongo wenye Kiswahili niliokutana nao mjini walinisalimia vizuri, kila mmoja akaenda zake. Uwanjani Jumamosi ndipo palipokuwa na watu walioniita kwa jina langu na kuuliza nimekula nini. Kwangu mimi, kutolewa kwenye timu kulikuwa sawa na kurudishwa chumbani kutazama ukuta.

Na nilikuwa mbioni kutolewa. Nilipiga kwa mikono peke yake, kama mtu anayetwanga, huku kiwiliwili kimekakamaa. Kocha wetu, ambaye alikuwa msimamizi wa ghala na mtu mwema kabisa, alinihimiza niongeze nguvu. Nikaongeza, nikapiga hewa kwa nguvu zaidi. Baada ya mechi mbili bila kuugusa mpira, aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi inayofuata ndiyo nafasi yangu ya mwisho, kwa kuwa kuna dada mwingine anasubiri.

Yule mama tulikuwa tunapanga naye meza moja. Alikuwa wa jamii ya wale wanaoitwa Wazanzibari, ambao wazee wao waliletwa Durban zamani sana, na serikali ya ubaguzi ikaja kuwahamishia kitongoji cha Chatsworth. Kiswahili chake kilikuwa cha vipandevipande. Penye pengo tulijaza Kiingereza. Ujanani aliwahi kucheza softboli. Umri wake ulikuwa sawa na wa mama yangu mzazi, na sikuwahi kumsikia akilalamika mgongo, wakati mimi kijana nilirudi nyumbani nimepinda. Jumatatu ile aliniambia niache kazi kidogo nimtazame anavyogeuka na boksi. Nikatazama. Ulianza unyayo, ikafuata nyonga, kisha kifua, mikono ikaja mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nasimamisha miguu kama nguzo na kuvuta mzigo kwa mabega. Akasema gongo nalo ni vivyo hivyo, nije kwake kesho baada ya kazi, na nije na kanga.

Jikoni kwake alinifunga kanga mbili, moja nyongani na nyingine kifuani, mafundo yote mawili yakiwa mbele. Akaniweka ubavu kuelekea dirishani, tukalifanya dirisha ndilo mrushaji, na mafundo yangu yakawa yanatazama friji. Akanipa mpini wa ufagio. Uzito niulaze mguu wa nyuma, mguu wa mbele upige hatua fupi, kisigino cha nyuma kiinuke, na fundo la chini ligeukie dirisha wakati la juu bado linatazama friji. Ndipo kifua kifuate, na mikono iburutwe na kifua. Mafundo yakigeuka pamoja, tunaanza upya. Tulianza upya mara nyingi mno, maana nyonga zangu hazikutaka kutoka. Aliponibana nikakiri kwamba naona aibu kuzungusha kiuno hadharani mbele ya msimamizi na wanaume wa ghala. Kwetu hayo ni mambo ya ndani.

"Kwenu harusini wanawake hawachezi?" akaniuliza.

Nikamwambia wanacheza, ila wenyewe kwa wenyewe, mlango umefungwa.

"Eish. Basi unajua tayari," akasema. "Mimi nakufungulia mlango tu."

Ni kweli nilijua. Nilipochezwa ngoma ya unyago nilifundishwa kuipeleka nyonga huku mabega yametulia tuli, nami nilikuwa hodari. Yule mama aliimba kitu cha kwao kwa sauti ya chini, nikacheza, kisha akanirudishia mpini. Fundo la chini likatangulia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi niliupiga mpira ukapita vichwa vya watu wote na kwenda kugonga uzio. Tulishinda. Wakati wa chai kocha alinisimamisha mbele ya wote, mabosi wakiwepo, akaniuliza siri yangu ni nini. Yule mama alikuwa ameketi mwisho wa benchi na sahani ya sambusa mapajani, akinitazama. Nami nikaona kiuno, kanga, ngoma na jikoni, nikaona wanaume wanasubiri jibu, nikasema nimefundishwa na kocha. Wakampigia makofi. Mwenyewe alishangaa kidogo, lakini makofi hayakataliwi.

Jumatatu tulipanga maboksi kama kawaida. Karibu na saa ya chakula, bila kuniangalia, yule mama aliniambia, "Jina langu sikuhitaji. Ungesema tu ni mwanamke." Akaendelea na kazi. Hakununa, hakulirudia, na alinialika kwake Idi zote nilizokaa Durban. Nadhani upole huo ndio ulionifunga mdomo; kila mara nilijiambia yeye ameshasahau.

Siku hizi naona vijana wakilipia mafunzo ya kunyanyua mizigo na kukaa vizuri kitini, na anayefundisha ana cheti ukutani. Sina ugomvi naye. Najiuliza tu ni mambo mangapi ya mwili na kazi yaliyoanzia jikoni, yakafika ukumbini yakiwa na mwenyewe mwingine, kwa sababu aliyefundishwa aliona haya. Wizi wa namna hiyo ni mwepisi sana; mimi nilihitaji sentensi moja tu.

Safu hii haitaji majina, na hata leo haitataja. Mama yule hakuomba jina. Aliomba neno moja mbele za watu, nami nimelichelewesha mpaka hawezi tena kulisikia. Basi, enyi mliokuwepo kwenye chai ile, kama kuna anayesoma hapa: kocha hakunifundisha. Alinifundisha mwanamke.