Pistoni za Kunusa

Juzi, kwenye mpando wa barabara ya Lac Vert, injini ya gari lililokuwa mbele yangu iligonga kama ina mtu ndani mwenye nyundo. Nikamkumbuka papa, baba yangu.

Alasiri moja ya utoto wangu, fundi aliyekuwa amefungua injini ya gari lake alikuwa ametandaza juu ya gunia pistoni za aina mbili: bapa za kawaida, na zenye vichwa vilivyotuna, za kuongeza nguvu. Kando ya pistoni kulikuwa na kemshafti mpya, ule mtaimbo wa kufungua vali za injini.

"Muzee, na hizi gari itanguruma," alisema.

Niliogopa. Kila jioni tuliujua mlio wa gari la papa kabla halijafika, na mama aliinjika sufuria ya bugali. Likinguruma, tutajuaje ni yeye?

Papa alivuka barabara, akafungua chupa ya muuza petroli, akainusa.

"Utie za kawaida," alisema aliporudi, "na kemshafti urudishe ile ya zamani. Mafuta ya hapa nayajua."

Nilidhani pistoni huchaguliwa kwa pua. Leo najua petroli ile iliyochanganywa na mafuta ya taa haivumilii kubanwa sana. Pistoni zilizotuna zingeibana mpaka injini igonge, kisha zingetoboka njiani.

Jioni, nikiwa nimetangulia nyumbani, mlio wetu ule ule wa zamani ulisikika kutoka mbali. Mama akainuka, akainjika sufuria.