Dakika Kumi na Tano za Mshenga

Ashukuriwe Mungu wa rehema, aliyenifikisha uzeeni na kuniachia uso wa kuinua mbele ya watu, maana siku ile naikumbuka hadi leo kwa aibu.

Nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Elia. Wazee wa binti, huko Sitalike, walitaka jibu letu la mahari kabla ya saa sita mchana, na baba yake mkubwa alishasema kwamba tukichelewa atajua hatumtaki mtoto wao. Elia alitaka kunipeleka kwa pikipiki, nikakataa (suti yangu ya kanisani na vumbi la njia ile haviendani), nikamruhusu aende zake shambani. Mimi nimefundisha hesabu hadi kustaafu, na jana yake nilikaa kando ya barabara hapa Misunkumilo nikahesabu haisi sita za abiria kwa saa tatu. Ni moja kila nusu saa, kwa hiyo anayefika wakati wowote atangoja, kwa wastani, dakika kumi na tano.

Saa nne nilikuwa kituoni. Haisi ya kwanza ilijaa, nikaiacha. Ya pili ikafuata hapo hapo, nayo imejaa. Ya tatu ilikuwa na nafasi juu ya gunia la mkaa, nikaipungia iende, kwa kuwa mshenga hafiki ukweni na masizi. Mama mmoja muuza karanga akanitazama.

“Babu, hizo zinafukuzia abiria. Zikishapita, tafuta pa kukaa.”

Nikachukua kijiti nikamchorea wastani mavumbini. Akasikiliza kwa heshima yote, kisha akanisogezea kigoda.

Nilikikalia kigoda kile karibu saa moja na nusu, simu ya Elia haipatikani, na haisi ilipotokea niliingia bila kuuliza nafasi, nikakaa juu ya gunia la mkaa (ndiyo, lingine).

Nilifika saa sita na nusu. Baba mkubwa hakuinuka.

“Mwalimu, saa sita kwenu huwa ngapi?”

Nikaachwa mlangoni nijieleze. Ningeweza kusingizia pancha, lakini mzee wa kanisa kama mimi atasemaje uongo siku ya kuomba mke? Nikachora tena mavumbini zile sita za jana yake: gari tatu zimeongozana, pengo refu, tatu tena. Bibi wa binti akainama kutazama.

“Kwa hiyo pengo refu ndilo linalonasa watu wengi. Ndoo na kikombe vikiwa mvuani, matone mengi yanaingia wapi?”

Miaka yote ile ubaoni sikuwahi kulieleza vizuri hivyo, nikamwambia. Akasema anayekiri ujinga wake mlangoni hatawadanganya ndani.

“Mpeni kiti. Ila tandikeni gunia kwanza, suruali yake mnaiona.”

Wakacheka, hata baba mkubwa, na Elia akapewa mke. Tangu siku hiyo napanda gari la kwanza lenye nafasi, hata ya gunia. Nawe unayesoma, pengine ukiwa kituoni, Bwana akupe subira, na jirani wa kukusogezea kigoda.